Safari ya gari ya wawili magharibi mwa Marekani: mwongozo wa siku 10 kutoka Las Vegas

Likizo zikikaribia, maswali huwa yale yale. Tuanzie wapi? Siku ngapi zinatosha? Leseni ya nyumbani inakubalika? Na lile linalopendwa kuliko yote: je, kwa wiki moja tunaweza kuona Los Angeles, San Francisco, Grand Canyon na Yellowstone? Hilo nalijibu mapema. Hapana. Mtaviona kupitia kioo cha gari, mkiwa mmenuniana.

Magharibi ya Marekani ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye simu. Kutoka Las Vegas hadi Yellowstone peke yake ni karibu mwendo wa Dar es Salaam hadi Mwanza. Kwa hiyo mwongozo huu unachagua kipande kimoja: Nevada, Utah na Arizona, mzunguko unaoanzia na kuishia Las Vegas. Mtapita hifadhi za Zion, Bryce Canyon na Capitol Reef, mji wa Moab, bonde la Monument Valley, mji wa Page na korongo la Grand Canyon. Jumla ni kama maili 1,200 (karibu km 1,930), bila kuhesabu kuzunguka ndani ya hifadhi. Kwa siku 10 mnakwenda bila kukimbizana.

Andaeni haya kwanza

Msimu. Nzuri ni mwisho wa Aprili hadi Mei, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti Zion na Moab joto hupita nyuzi 38, na ndiyo miezi ya mvua za radi zinazoleta mafuriko ya ghafla kwenye makorongo. Baridi ikiingia, Bryce ina theluji.

Leseni. Yenye maandishi ya Kiingereza kwa kawaida inatosha kukodi gari, lakini chukueni pia kibali cha kimataifa cha kuendesha kutoka chama cha magari cha nchi yenu. Leseni ya Kifaransa, kama ya Kongo, msiondoke bila kibali hicho. Na kibali peke yake si kitu. Huonyeshwa pamoja na leseni halisi.

Kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Wakodishaji wengi huzuia kiasi fulani kwenye kadi mpaka gari lirudi. Kadi ya kawaida ya benki wengine wanaikubali kwa masharti, wengine wanaikataa mkiwa mmeshasimama kaunta na mabegi.

Pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa. Hapa mambo yamebadilika. Tangu 1 Januari 2026, mkazi wa Marekani mwenye kitambulisho cha huko hulipa dola 80, na mgeni hulipa dola 250. Mgeni asiye na pasi anaongezewa dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 au zaidi katika hifadhi 11, na Zion, Bryce Canyon na Grand Canyon zote tatu zimo. Pigeni hesabu: wageni wawili, hifadhi tatu, ni dola 600 za nyongeza juu ya kiingilio cha kawaida. Pasi ya dola 250 ni nafuu mara mbili na zaidi.

Ndani ya gari: maji galoni moja (karibu lita 4) kwa kila mtu kwa siku, sanduku la barafu, tochi, chaja ya gari, kofia, koti la baridi hata kama ni Juni, na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu. Moteli nyingi zina friji na maikrowevu, kwa hiyo chakula cha kupasha kinaokoa pesa. Mkitamani ugali, unga wa mahindi wa Kimeksiko unaojaa madukani si sembe. Huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, na ugali wake unanuka tortilla. Bebeni wenu.

Hatua

1. Wekeni kwanza nafasi za vitu vinavyojaa.

Usianze na hoteli ya Las Vegas, zipo tele. Anza na mambo matatu. Moja, chumba cha kulala Grand Canyon ukingo wa kusini, au mji wa Tusayan ulio mlangoni pake. Pili, matembezi ya Antelope Canyon kule Page, ambako hakuna anayeingia bila kiongozi wa watalii wa Kinavajo (Wanavajo ni kabila la wenyeji wa asili wa Marekani). Tatu, kama mnataka kupanda Angels Landing pale Zion, kibali chake hupatikana kwa bahati nasibu. Tangu Aprili 2022 hakuna kupanda bila kibali. Hayo yakishapata tarehe, panga mengine kuyazunguka.

Angalia kwa makini unachoweka. Grand Canyon ina sehemu tatu zinazowachanganya watu. Ukingo wa kusini ndio huu tunaokwenda. Ukingo wa kaskazini unaonekana ng'ambo tu hapo, lakini kwa barabara ni zaidi ya maili 200, na moto wa Julai 2025 uliteketeza hoteli yake kongwe. Ile ya daraja la kioo, Grand Canyon West, ni ardhi ya kabila la Hualapai, iko saa nne kwa gari kutoka ukingo wa kusini, na pasi ya taifa haifanyi kazi kule.

2. Chukueni gari, na wote wawili mwandikwe kuwa madereva.

Gari dogo la kawaida linatosha; njia yote hii ni lami. Magari ni ya otomatiki. Uliza kama mke au mume anaongezwa bure, kwa sababu wakodishaji wengi hufanya hivyo ila hawasemi mpaka waulizwe. Safari hii asiendeshe mmoja tu. Anayeshika usukani haoni kitu zaidi ya mstari wa njano, na ni dhuluma kumrudisha mtu nyumbani akiwa ameona magharibi yote kwenye picha za mwenzake. Badilishaneni kila baada ya saa moja na nusu.

Soma bima. Mkaaji wa Marekani mara nyingi bima ya gari lake inamfuata. Mgeni hana hiyo, kwa hiyo hakikisha bei imejumuisha uharibifu wa gari na madhara kwa watu wengine. Soma pia kipengele cha barabara za vumbi. Mikataba mingi inazikataza, na ukikwama huko gharama ni zako.

Kabla ya kutoka, piga picha gari pande zote, magurudumu na dashibodi yenye usomaji wa mafuta. Fungua buti uone kama spea ipo. Magari mengi mapya hayana, yana pampu ndogo tu.

3. Zoeeni barabara kabla ya kuifaidi.

Waliojifunza gari Tanzania, Kenya au Uganda: huku ni kulia. Wa Kongo, Rwanda na Burundi mko nyumbani. Kosa halitokei penye magari mengi, hapo mnafuata wenzenu. Hutokea asubuhi, mkitoka kwenye maegesho ya moteli, barabara tupu, na mikono inavuta kushoto yenyewe. Aliyekaa pembeni awe na kazi moja: kila gari likitoka mahali liliposimama, aseme kwa sauti, "Kulia."

Njia panda yenye kibao cha kusimama pande zote nne: simama kabisa, magurudumu yatulie. Aliyefika kwanza huondoka kwanza. Mkifika pamoja, mpishe aliye kulia kwako. Kwenye taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia ukishasimama kabisa na njia ikiwa nyeupe, isipokuwa kibao kikikataza. Basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu, simama hata kama mnapishana.

Mwendo ni kwa maili. Kibao cha 65 ni kama km 105 kwa saa. Utah kuna barabara kuu zinazoruhusu 80, karibu km 129. Kikomo cha pombe kwenye damu Utah ni asilimia 0.05, kidogo kuliko majimbo mengine. Askari akiwasha taa nyuma yenu, wekeni gari pembeni kulia, bakini ndani, mikono juu ya usukani. Usishuke kwenda kumsalimia.

Mafuta nayo yana darasa lake. Pampu itakuuliza msimbo wa posta wa tarakimu tano, na kadi ya nyumbani haina. Usibahatishe. Ingia dukani, mtajie keshia namba ya pampu na kiasi, lipa, rudi ujaze, kilichobaki kinarudishwa. Ukiwa Utah utakuta kitufe cha 85 (ni kiwango cha okteni cha petroli), ndicho rahisi kuliko vyote. Magari mengi ya kisasa yanataka 87 kwenda juu, kwa hiyo bonyeza 87 au 88. Na soma maandishi kabla ya kushika mpira: wa kijani mara nyingi ni dizeli.

4. Siku ya 1 na 2: Zion.

Ni maili 160 kutoka Las Vegas, chini ya saa tatu. Mkiingia Utah saa inasogea mbele kwa saa moja, ondokeni mapema. Laleni Springdale, mji ulio mlangoni.

Ndani ya korongo kuu magari binafsi hayaruhusiwi sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia majira ya kuchipua hadi Novemba. Mnapanda basi la hifadhi, bure. Maegesho ya lango yanajaa asubuhi, kwa hiyo fikeni kabla ya saa 2, au acheni gari Springdale mpande basi la mjini. Wasiopenda kupanda milima waende kituo cha mwisho watembee Riverside Walk, njia ya lami ya kama km 3.5 kwenda na kurudi, kando ya mto Virgin, kuta zikizidi kukaribiana. Inapoishia, watu huingia mtoni na kuendelea kwa kutembea ndani ya maji. Uliza ofisi ya hifadhi hali ya mafuriko kwanza. Mvua haihitaji kunyesha mlipo. Ikinyesha mbali huko juu, maji yanakuja.

5. Siku ya 3 na 4: Bryce Canyon, kisha barabara ya 12.

Tokeni Zion kwa mashariki, kupitia handaki la maili 1.1 lililokamilika mwaka 1930. Saa mbili baadaye mko Bryce, mita 2,400 hadi 2,700 juu ya bahari. Kichwa kikiuma kidogo, ni mwinuko. Kunyweni maji, punguzeni haraka. Amkeni kabla ya jua, vaeni koti, nendeni ukingoni. Nguzo za mawe huwaka rangi ya chungwa kuanzia vichwani kushuka chini. Baada ya chai teremkeni kwa njia ya miguu ya Queen's Garden na mpande kwa ile ya Navajo Loop, kama km 5 kwa pamoja. Kumbukeni kwamba hapa mteremko ndio unaoanza, na kupanda kunawasubiri mkiwa mmechoka.

Barabara ya 12 kutoka Bryce hadi Torrey ndiyo sababu nikashauri mzunguko huu badala ya California. Kwa ramani ni saa tatu. Tengeni siku nzima. Baada ya mji wa Escalante, lami inashuka katikati ya bahari ya mawe meupe na ya waridi, bila mti wala nyumba. Kisha mnafika panapoitwa Hogsback: barabara inapita juu ya mgongo mwembamba, bonde kushoto, bonde kulia, na pembeni hakuna ukuta. Mwenye kuogopa urefu asiendeshe kipande hiki. Aliye kwenye usukani asitazame bonde. Mbele kuna pa kusimama. Baadaye mtapanda mlima Boulder hadi karibu mita 2,900, penye ng'ombe barabarani na theluji inayoweza kuanguka hata Mei.

Capitol Reef iko mwisho wa njia hii. Wageni ni wachache kuliko Zion, na ndani yake kuna bustani za matunda zilizopandwa na walowezi wa Kimormoni, dhehebu lenye wafuasi wengi Utah. Msimu wa mavuno mnaruhusiwa kuchuma wenyewe, kwa malipo madogo. Mkitua Torrey Jumapili, nunueni chakula mapema. Katika miji midogo ya Utah maduka mengi hufunga siku hiyo.

6. Siku ya 5 na 6: Moab.

Jazeni tanki Torrey au Hanksville. Njia hizi zina kanuni moja: tanki likifika nusu, jaza. Mkifika barabara kuu ya 70 kateni mashariki kuelekea Green River. Kutoka Green River kwenda magharibi mpaka Salina ni zaidi ya maili 100 bila sheli hata moja.

Moab kuna hifadhi mbili. Arches ina matao ya mawe, na Delicate Arch, lile la kwenye vibao vya magari ya Utah, ni km 4.8 kwenda na kurudi juu ya mwamba mtupu usio na kivuli. Nendeni saa 10 jioni na tochi ya kurudia. Ya pili ni Canyonlands; huko fikeni tao la Mesa Arch alfajiri. Kabla ya safari angalieni tovuti ya Arches, maana kuna miaka walidai nafasi ya kuingia kwa saa maalumu.

7. Siku ya 7 na 8: Monument Valley na Page.

Hapa mnaingia nchi ya Wanavajo, na sheria ni zao. Pasi ya taifa haifanyi kazi. Monument Valley hulipiwa dola 8 kwa mtu. Pombe ni marufuku, droni pia, na msipige picha za watu bila ruhusa. Njia ya ndani ni maili 17 za vumbi na mashimo. Gari la kukodi liacheni juu, lipieni gari la mwenyeji. Atawafikisha na mahali ambapo wageni peke yao hawaruhusiwi.

Mkija kutoka kaskazini kwa barabara ya 163, karibu na alama ya maili 13 mtakuta watu wamesimama katikati ya lami wanapiga picha. Picha ni nzuri kweli, ila malori yanapita hapo. Egesheni pembeni kabisa, mmoja apige, mwingine atazame barabara. Na simu ikiwapendekezea barabara ya 261, ikataeni: ina maili tatu za changarawe na kona kali kwenye ukuta wa mlima.

Sasa saa. Arizona haibadilishi saa majira ya joto, Wanavajo wanabadilisha. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Monument Valley ikiwa saa 4 asubuhi, Page ni saa 3. Simu hukamata mnara wa upande huu na ule, inarukaruka. Mkifika Page, iwekeni saa ya Phoenix, mji mkuu wa Arizona, kwa mkono, na mkumbuke tiketi ya 8:00 AM ndiyo saa 2 yetu asubuhi.

Antelope Canyon ni ufa mwembamba kwenye mwamba. Kiongozi akisema leo hamuingii kwa sababu ya mawingu, msibishane naye. Agosti 1997 mafuriko yaliua watu 11 mle ndani, na mvua ilikuwa imenyesha mbali. Horseshoe Bend ni dola 10 kwa gari, mwendo wa km 2.4 kwenda na kurudi kwenye jua kali. Ukingo mwingi hauna uzio.

8. Siku ya 9 na 10: Grand Canyon na kurudi.

Pitieni Cameron, ingieni kwa lango la mashariki la Desert View. Wengi hulipita wakikimbilia Grand Canyon Village, kijiji cha hifadhi, na hapo ndipo mto Colorado unapoonekana vizuri. Panda mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1932 kwa ramani ya msanifu majengo Mary Colter. Jioni, basi la bure la Hermit Road linawafikisha vituo vya machweo.

Mkitaka kushuka korongoni kwa njia ya miguu ya Bright Angel, shukeni nusu saa, hesabuni saa nzima ya kupanda. Kwenda mtoni na kurudi siku moja, vibao vinaonya msijaribu, na vina sababu.

Kurudi Las Vegas ni maili 280, saa nne na nusu. Rudisheni gari tanki likiwa limejaa, na mtunze risiti.

Mambo yakiharibika

Mtandao umekatika. Utakatika, tena kwa saa nzima. Pakueni ramani za majimbo yote matatu mkiwa hotelini, na muandikie mtu wa nyumbani mtakapolala kila usiku.

Giza limewakuta njiani. Punguzeni mwendo sana. Kulungu na ng'ombe hutoka machweo, na mmoja akivuka nyuma yake kuna wengine. Bora kulala mji ulio karibu kuliko kuokoa pesa za chumba mlicholipia.

Taa ya upepo wa tairi imewaka. Asubuhi ya baridi Bryce huwaka yenyewe. Pimeni sheli, jazeni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ikiwaka tena mchana, huenda mna pancha; pigeni simu ya mkodishaji kabla hamjaingia sehemu isiyo na mtandao.

Maji yamefunika barabara. Msivuke, hata kama gari la mbele limevuka. Subirini, mafuriko ya jangwa hupungua baada ya muda.

Mmegombana. Mara nyingi ni njaa au ni ramani. Simamisheni gari, kuleni, kisha aliyekuwa anasoma ramani ashike usukani.

Siku zimepungua. Msijaribu kubana vituo vyote. Ondoeni Capitol Reef, Moab na Monument Valley, mtoke Bryce moja kwa moja hadi Page kupitia Kanab, kama maili 150. Mzunguko unakuwa wa siku 6 au 7. Bado mnaweza kuonja barabara ya 12: nendeni mpaka Hogsback, mle mchana Escalante, mrudi Bryce kulala.